Vifuu Havina Aibu

Kuingia jikoni kwa mtu na mizani mkononi ni jambo ambalo mtaa wa Ngamiani haukuwa umelizoea, na hapo siwalaumu watu wa Ngamiani. Mgeni huja mikono mitupu, akakaribishwa, akapewa alichojaliwa mwenye nyumba. Haji na jiwe la ratli, akakiweka chakula chako upande huu na jiwe lake upande ule, kisha akaandika. Wazee walisema chakula kikipimwa baraka huondoka. Wanawake wa makamo walisema ni ufedhuli tu, hauna jina jingine. Lakini mwaka 1954, baada ya misimu miwili ya mvua kuikimbia pwani ya Tanga, ofisi moja iliyoundwa kwa ajili ya hesabu za chakula iliamua kwamba mizani lazima iingie jikoni, na aliyepewa kuibeba ni Mwanamkasi binti Kombo wa barabara ya nane.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Aliolewa mara moja, akaachwa, akasema basi. Aliishi na mama yake, Bi Asmahani, katika nyumba ya vyumba viwili na ua mdogo. Marehemu Mzee Kombo alikuwa karani wa kuhesabu magunia bandarini, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, hesabu zake zote alimrithisha binti. Mwanamkasi alijua kuzidisha na kugawanya kabla hajajua kusonga ugali. Alirithi na hasira za baba yake pia, hasira za mtu anayejua jibu sahihi na anamwona mwenzake anaandika jingine.

Ofisi haikumchukua kwa hesabu zake. Ilimchukua kwa sababu mwanamume hawezi kuingia ua wa watu wenye heshima zao akasimama juu ya sufuria.

Kilichokuwa kikipimwa ni unga. Tangu njaa ianze, kila nyumba yenye kadi iliuziwa unga wa mahindi ya njano kwa bei ya huruma dukani kwa Jafferji. Unga wenyewe ulikuwa na vumbi na harufu ya gunia, lakini ulikuwa unga, na zipo nyumba ambazo bila ule unga zingelala njaa siku nne katika saba. Sasa ofisi ilitaka kujua kama watu bado wanauhitaji. Sheria yao ilikuwa fupi. Wakipata kwamba kinywa kimoja, kwa wastani, kinakula chini ya wakia kumi na tatu za nafaka kwa siku, yaani ratli moja kasoro wakia tatu, unga utaendelea. Zikifika kumi na tatu au zaidi, unga utakoma.

Nyumba walizoziandika zilikuwa mia sita na kitu. Hakuna aliyeweza kuzipima zote, kwa hiyo ikapigwa kura, zikatoka arobaini. Karani mkuu wa ofisi, Bwana Dharsi, mtu mwembamba wa maneno machache, alimweleza Mwanamkasi siku ya kwanza kazini.

"Bi Mwanamkasi, mchuzi huonjwa kwa kijiko. Hatunywi sufuria nzima ili kujua kama una chumvi."

"Sawa, Bwana Dharsi. Mradi uwe umekorogwa."

Dharsi alicheka kidogo. Akamweleza kwamba miezi mitano baadaye watapima tena. Nyumba ishirini katika zile arobaini zitabaki, ili ionekane nini kimebadilika mle mle. Ishirini nyingine zitapumzishwa, na mpya ishirini zitaingia badala yake. Uamuzi wa unga ungesubiri awamu ya pili. Mwanamkasi aliupenda mpango ule. Aliona kuna mtu mahali fulani amekaa akafikiri.

Mkubwa wa ofisi alikuwa Mwingereza mmoja ambaye wanawake wa Ngamiani walimpachika jina la Bwana Wastani, kwa kuwa neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Kiswahili alikijua, tena cha kitabuni, kilichonyooka. Watu ndio hakuwajua.

Awamu ya kwanza ilikuwa Februari. Kila Alhamisi asubuhi Mwanamkasi alipita nyumba kumi. Alibisha hodi, akaamkia, akakaa kwenye kigoda, akaomba aletewe nafaka yote itakayopikwa siku ile. Alipima, akauliza idadi ya vinywa, akaandika. Karatasi ilikuwa na safu kumi na moja. Ya mwisho iliandikwa Kuni na Moto, na ofisini hakuna aliyeweza kumwambia ni ya kazi gani. Ilikuwapo tu, kwa kuwa karatasi ya namna hiyo ilishawahi kutumika mahali pengine kwa jambo jingine.

Mwanamkasi hakuwa mtu wa kuacha safu tupu. Baba yake alikuwa akimwambia kwamba kisichoulizwa leo kitaulizwa kesho. Basi akawa anahesabu vifuu. Watu wa pwani hatupiki bila nazi, uwe wali, uwe mhogo, uwe mboga ya majani ya kunde. Na kila nazi ikishakunwa huacha vifuu viwili. Ngamiani vifuu hutupiwa kapuni kando ya meko vikauke, na Ijumaa asubuhi huchomwa vikawa makaa ya pasi, watu wakanyooshewa kanzu za msikitini. Kwa hiyo Alhamisi kapu lina vifuu vya wiki nzima. Aliviangalia, akavihesabu, akaandika. Wenyeji wala hawakumjali. Nani ataona haya kwa ajili ya kifuu?

Kwa chakula waliona haya. Kila alipoingia, alikuta neema. Katika mwaka wa njaa, akina mama waliovaa kanga zilizopauka walimtolea mchele mweupe, mrefu, uliopepetwa. Barabara ya kumi na mbili nyumba tatu zinazopakana ua zilitoka kurani pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Semeni, msuka mikeka, shoga wa Bi Asmahani tangu ngoma za ujana wao. Bi Semeni alileta mchele kwenye ungo uliotoboka ukashonwa kwa uzi wa buluu. Nyumba ya pili walileta mchele kwenye ungo wenye kiraka cha uzi wa buluu. Na ya tatu pia. Mwanamkasi alijiambia kwamba bila shaka ni fundi mmoja aliyewashonea wote watatu. Binti wa karani wa magunia, mwenye macho yake mawili, alijiambia hivyo! Baadaye kila alipoikumbuka Alhamisi ile alisonya peke yake.

Wastani wa Februari ulitoka wakia kumi na saba. Bwana Wastani alifurahi. Alisema njaa ya pwani imekuzwa na wapiga domo.

Awamu ya pili ilikuwa Julai. Mwanamkasi alianza na zile nyumba ishirini za zamani, na kwa Bi Semeni hakubisha hata hodi ya pili, akavutwa ndani kama mtoto wa nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mamako yu mzima? Haya kaa, nipime, nina mkeka wa watu haujesha."

Alileta unga wa njano, basi, ndani ya kibakuli. Mwanamkasi akapima, akarudia kupima. Februari nyumba hii ya vinywa vinne ilikuwa na ratli nne na ushei. Leo haikufika tatu.

"Bi Semeni, kumetokea nini? Mbona mara ile ulikuwa na mchele mwingi?"

Bi Semeni akaangua kicheko mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Mara ile ulikuwa mgeni, mwanangu. Mgeni humwekei aibu yako mbele akaitazama. Mchele ule wangu mie? Ulikuwa wa hitima ya shemeji yangu, niliwekeshwa. Ulipokwisha kuupima kwangu nikaupitisha uani kwa jirani, jirani akaupitisha kwa mwenziwe. Jioni umerudi kwangu salama, haukupungua hata punje."

"Haukupungua hata punje," alisema Mwanamkasi polepole, "na mie nimeuandika mara tatu."

"Sasa ungetaka tukuonyeshe nini?"

"Njaa! Nilikuja kuitafuta njaa, Bi Semeni. Mmeificha kama mwizi wa kuku."

Aliondoka pale damu inamchemka. Alizunguka zile nyumba nyingine za zamani, na sasa kwa kuwa hakuwa mgeni tena, kila moja ilimwambia yake. Mmoja aliazima duka zima kwa ahadi. Mwingine alijaza mchanga chini ya unga. Mmoja alipika mbele yake chakula cha siku tatu, nyumba yake ikalala na maji siku mbili zilizofuata. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imedanganywa. Aliwakasirikia wote kwa zamu. Kisha akawaza: ni nani aliyetuma mizani iingie kwa watu bila kuwaambia kwamba atakayeonekana maskini ndiye atakayeachiwa unga? Ofisi ilikataza jambo hilo lisisemwe, ati watu wasije wakajifanya wana njaa. Waliogopa watu wa pwani watajifanya maskini. Yarabi! Walikuwa hawajawahi kuingia Ngamiani hata siku moja.

Zile nyumba mpya ishirini zilifanya yale yale ya Februari. Sasa Mwanamkasi alijua, lakini kanuni ilimfunga: andika inachosema mizani. Alimsihi mama mmoja wa barabara ya kumi na tano amwonyeshe anachokula kweli. Mama yule alivuta kanga yake, akamtazama kuanzia utosini mpaka unyayoni.

"Kwani umeniona ombaomba?"

Ikabidi aandike mchele wa watu.

Hesabu ilipokamilika, nyumba za zamani zilitoa wakia kumi na moja kwa kinywa, na mpya kumi na sita. Bwana Wastani aliziweka pamoja, akagawa kwa mbili, akapata kumi na tatu na nusu.

"Tumezidi kwa nusu wakia," alisema. "Unga utakoma mwisho wa mwezi."

Nusu wakia! Vidole viwili vya unga. Mwanamkasi alikuwa amesimama mbele ya meza, Dharsi ameketi pembeni na kalamu yake, na dirisha liko wazi kuelekea barabarani ambako watu walikuwa wakipita hawajui kwamba chakula chao kimekwisha kugawanywa kwa mbili.

"Bwana, nyumba mpya zimetuonyesha mchele wa kuazima. Na zote arobaini zilifanya hivyo Februari. Wageni huonyeshwa kizuri. Hizo kumi na moja ndizo ukweli."

"Una ushahidi?"

"Ninao. Safu ya kumi na moja."

Aliinama, akafunua karatasi moja moja. Alikuwa amekwisha kufanya hesabu yake nyumbani. Katika zile nyumba za zamani, Februari, kila kinywa kilikuwa na vifuu vitatu kwa wiki. Julai, nyumba zile zile, vifuu vitatu. Nyumba mpya, vifuu vitatu.

"Kama kweli walikula kumi na saba Februari wakashuka mpaka kumi na moja, Bwana, mbona hawakukuna nazi zaidi Februari? Na hizi mpya, kama zinakula kumi na sita, mbona vifuu vyao ni sawa na vya wale wanaokula kumi na moja? Meko ni yale yale. Chakula ni kile kile. Kilichobadilika ni aibu."

Dharsi aliinua kichwa. Kalamu ilisimama mkononi.

Bwana Wastani alitazama ile safu, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mchoro wa mtoto.

"Vifuu? Serikali haigawi unga kwa kuhesabu takataka za jikoni."

"Takataka ndizo hazina aibu, Bwana. Hakuna anayeazima kifuu."

"Bi Mwanamkasi." Sasa tabasamu lilikuwa limekwisha. "Kwa nyumba zile zile umeniletea namba mbili mbalimbali. Ama ulidanganya Februari, ama unadanganya sasa. Chagua."

Kuna matusi ambayo mtu huyameza, na kuna ambayo hayapiti kooni. Mwanamkasi alikuwa amekanyaga vumbi la barabara zote, amechomwa na jua, amefokewa na kuitwa mpekuzi, na hakuwahi kuandika wakia moja asiyoiona kwa macho yake. Alichukua mizani, akaiweka juu ya meza ya mkubwa, katikati ya makaratasi, mawe yakagongana.

"Mie nimeandika nilichopima. Wewe ndiye unayechagua, Bwana. Ipime mwenyewe njaa yao, kama utakaribishwa."

Akatoka. Dharsi hakusema neno, na Mwanamkasi alimchukia njia nzima kwa ukimya wake.

Mwisho wa mwezi, Jafferji alitundika karatasi mlangoni: unga wa kadi umekwisha. Siku ya tatu yake Mwanamkasi alikwenda kuteka maji bombani, na wanawake wakavuta ndoo zao pembeni kama vile ana ndui.

"Huyo ndo aliyetupima," alisema mmoja, si kwa kunong'ona.

"Mlijipima wenyewe!" Mwanamkasi aling'aka, ndoo ikamponyoka. "Mlinipa mchele wa hitima nikauandika, mkanipa mchanga nikauandika! Mlitaka niwaone matajiri, haya, matajiri hawapewi unga!"

Alijitwisha ndoo nusu, akarudi nyumbani analia kwa hasira, na alichowakasirikia zaidi ni kwamba alikuwa anawapenda.

Agosti ilikuwa mbaya, Septemba mbaya zaidi. Bi Asmahani aliuza pete yake ya fedha, kisha mkufu. Hakumwambia mtu. Kila alipoulizwa hali alijibu "Alhamdulillahi, tumeshiba," akiwa amekaza mkanda wa kanga tumboni.

Kisha adhuhuri moja Dharsi alifika kwa baiskeli, jasho limemjaa usoni. Hakutaka kuketi. Alisimama barazani akazungumza haraka.

"Ile safu ya kumi na moja niliinakili, Bi Mwanamkasi. Niliibandika nyuma ya taarifa iliyokwenda Dar es Salaam. Bwana hakuiona. Huko yupo mtu aliyeisoma."

"Kisha?"

"Wameagiza awamu ya tatu. Safari hii vifuu vitahesabiwa katika nyumba zote mia sita, ni kazi ya siku chache. Na chakula kitapimwa katika nyumba arobaini. Tukijua kwa nyumba arobaini kifuu kimoja kinakwenda na wakia ngapi, tutajua za nyumba zote." Akafuta uso. "Lakini vifuu peke yake havisemi ni wakia ngapi. Lazima hizo arobaini zipimwe kweli. Wakileta tena mchele wa kuazima, kifuu kimoja kitaonekana kinakwenda na wakia mara mbili, na unga haurudi."

"Waambieni basi!"

"Hatuna ruhusa ya kusema."

"Mie sifanyi kazi kwenu," alisema Mwanamkasi. "Mie ninayo ruhusa."

Alizunguka barabara kwa barabara. Alisema bombani, alisema msibani, alisema uani kwa watu. Onyesheni mnachokula. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine waliitikia kwa kichwa, na macho yao yakisema nani atakubali kuwa wa kwanza. Bi Semeni alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maneno yako kweli, mwanangu. Lakini mpimaji mpya ni mtoto wa watu, hatujui kwao, aje atuone hivi?"

Kura ilipopigwa, katika nyumba zilizotoka ilikuwamo nyumba moja ya barabara ya nane. Ilikuwa ya Bi Asmahani.

Alhamisi ya kwanza ya Oktoba mpimaji alifika, binti wa Kibondei kutoka upande wa Muheza, jina lake Bibiana, mizani ile ile begani. Alikuwa mpole, na aliogopa. Mwanamkasi alimkaribisha ndani, akamwekea kigoda, akaingia jikoni kuchukua walichokuwa nacho: mahindi ya kupukusa kwenye kikombe na vipande viwili vya makopa ya mhogo mkavu.

Alipogeuka, mama yake alikuwa anatokea uani na ungo mkononi. Mchele ulikuwa mweupe, umepepetwa, umejaa mpaka ukingoni. Kiraka cha ungo kilikuwa cha uzi wa buluu. Ulikuwa umevuka barabara nne usiku wa kuamkia siku ile, kichwani kwa Bi Semeni, ili Bi Asmahani asiaibike.

"Hiki hapa, mwanangu," Bi Asmahani alimwambia Bibiana kwa sauti ya harusini. "Sie si watu wa makuu, lakini riziki Mungu hutoa."

Bibiana akainua mizani.

Mwanamkasi alimtazama mama yake. Mikono iliyoshika ungo ilikuwa imekonda, bangili za kioo zimeteleza mpaka karibu na viwiko. Alijua anachotaka kufanya, na alijua kwamba mtu hamfanyii mama yake jambo lile. Angeweza kunyamaza. Nyumba moja katika arobaini, nani angejua? Lakini kila nyumba katika zile arobaini ilikuwa inajiambia hivyo hivyo asubuhi ile, na kwa maneno hayo hayo unga ulikuwa umekoma.

"Usiupime huo," alisema. "Si wetu."

"Mkasi!"

"Si wetu, mama. Wa Bi Semeni, na pengine si wake pia." Alimpokonya ungo, mama yake mzazi, mbele ya mgeni, akauweka chini nyuma ya mlango. Akaweka kikombe na makopa kwenye mizani. "Hiki ndicho tunachokula sisi wawili leo. Kesho sijui. Andika."

Bibiana alipima. "Wakia kumi na nne," alisema kwa sauti ndogo. "Vinywa viwili. Saba saba."

"Sema kwa sauti. Dirisha liko wazi, wasikie."

"Saba," alisema Bibiana.

Bi Asmahani alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake. Hakulia; angelia, Mwanamkasi angejua la kufanya. "Umenivua nguo," alisema kwa ule ukuta. "Miaka yote hii sikuwahi kumwambia mtu kwamba sina, hata siku aliyokufa babako. Umenivua nguo mbele ya mtoto wa watu."

"Nimekuvua, mama," alisema Mwanamkasi. "Na hao waliotufanya tuvuliwe ndo tupewe unga, Mungu atawauliza."

Bibiana alifunga daftari, akakumbuka, akalifungua tena. Aliuliza vifuu viko wapi. Kisha akajiendea mwenyewe kando ya meko, akachuchumaa, akahesabu: vinne.

Neno likapita dirishani, likapita barabara. Mpaka adhuhuri Ngamiani nzima ilikuwa imejua kwamba kwa binti wa marehemu Kombo ni saba saba. Bi Semeni alikuja kuuchukua ungo wake kwa kupitia mlango wa mbele, mchana kweupe, akaondoka nao kichwani. Bibiana alimweleza Dharsi baadaye kwamba Alhamisi zilizofuata akina mama walimletea vibakuli vyao kimyakimya, wengine wakitazama pembeni, na mmoja alimletea sufuria tupu akamwambia apime hiyo.

Wastani ulitoka wakia tisa. Siku chache kabla ya Maulidi, Jafferji aliibandua karatasi yake mlangoni, na magunia ya unga wa njano yakaingia. Katika taarifa ya mwaka ya ofisi kulikuwa na ukurasa mzima wa kusifu njia mpya ya vifuu, iliyobuniwa na mkuu wa ofisi. Dharsi alimsomea Mwanamkasi ukurasa ule barazani. Mwanamkasi alisonya sonyo refu lililosikika msikitini, akaenda kupanga foleni na kadi yake kama watu wengine.

Bi Asmahani aliula ule unga. Hakumwambia binti yake ahsante, wala kwamba amemsamehe, na kwa miezi kadhaa walizungumza ya chumvi na maji tu. Lakini tangu wiki ile aliacha kuliweka kapu la vifuu kando ya meko. Kila Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, alilitoa nje mwenyewe, akaliweka barazani karibu na mlango, mahali ambapo yeyote apitaye angeweza kuhesabu.